Mguu wa Kulia wa Roswitha Uhlig

"Mimi nimepiga piano kijijini hapa tangu mwanangu Jens hajaota meno," Roswitha Uhlig aliwaambia wazee wa kanisa, "na hajapata kutokea mtu wa kulalamika." Kisha akaona bora aongeze mwenyewe kabla hajaongezewa: "Ingawa wengi wao walikuwa wanaruka kamba wakati huo. Pumzi za kulalamika wangezitoa wapi?"

Hilo la kamba lilikuwa kweli. Kila Jumatano, kwenye ukumbi wa zimamoto, wanawake wa kijiji hicho cha Hirschgrund walinyoosha viungo huku Roswitha akiwapigia, na baadaye walikaa kula keki mpaka uzito wote waliouacha sakafuni ukawarudia. Alipiga pia harusini, kwenye sherehe za chekechea, na kwenye mazishi ya yeyote aliyeacha neno kwamba hataki mambo makubwa. Lakini kinanda chenyewe cha kanisa, kile cha mabomba kilichokaa juu kwenye roshani ya nyuma, hakupata kukigusa. Kile kilikuwa cha mzee Seidel. Na mzee Seidel alikuwa ameteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate, akavunja kifundo cha mkono, Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Krismasi, ndiyo kwanza yameingia.

Mwalimu wa kwaya, Falk Neubert, alikuwa na vijiji vitatu na mwili mmoja. Mkesha wa Krismasi vijiji vyote vitatu huingia ibadani kwa saa ile ile, na hakuna kijiji kinachokubali kuanza baada ya kingine, maana bata bukini yumo kwenye oveni. Ndipo Posselt, mtunza kanisa, alipoleta dawa yake: kisanduku cha kijivu, ukubwa wa bati la kuokea mkate, chenye nyimbo zote za kitabu ndani yake.

"Unabonyeza namba tu, kinapiga," alisema Posselt, akikipapasa kama paka. "Hakichoki, hakikohoi, hakidai kahawa."

"Na jirani yangu bibi Traudel akiishiwa pumzi katikati ya ubeti, kitamsubiri?" Roswitha aliuliza.

"Traudel atajifunza kuwahi."

Hapo ndipo Roswitha alipojisifu, na hapo ndipo balaa lake lilipoanza. Hakuwaambia wazee wale jambo jingine lililokuwa moyoni: kwamba tangu usichana alikuwa akikaa kwenye benchi la chini, anageuza shingo, anautazama mgongo wa aliyepo kule juu, na kutamani. Mara moja tu. Mkesha mmoja tu, taa zikiwa zimezimwa na mishumaa imewashwa, kanisa zima livute pumzi pale atakapoivuta yeye.

"Basi twende juu ukajaribu," alisema Falk Neubert. Alikuwa kijana mrefu mwenye shingo ndefu na adabu nyingi, na hiyo adabu ndiyo iliyokuwa inaumiza.

Walipanda wote, wazee wa kanisa nyuma yao kama waliokwenda kuangalia ng'ombe akizaa. Roswitha akaketi, akasugua mikono, akaanza wimbo ambao angeupiga hata akiwa amelala.

Mungu wangu. Kila noti ilitoka, ikakatika, ikatoka, ikakatika, kama kuku anayedonoa mahindi kwenye bati. Akaharakisha ili kuziba nafasi. Kuku naye akaharakisha. Na mguu wake wa kulia, uliozoea kukuta pale chini pedali ya piano, ile inayoziacha noti ziendelee kulia hata kidole kikiondoka, ukashuka kwa nguvu zake zote kutafuta msaada. Chini ya kinanda cha kanisa kuna vibao vya kukanyaga pia, lakini vile vina noti zake. Mguu ukakanyaga kimojawapo, na kutoka kwenye bomba kubwa kuliko yote ukatoka mlio mzito, mrefu, kama fahali aliyefungiwa bandani. Mguu ukaruka. Ukashuka tena. Fahali akalia tena.

Posselt alitazama dari. Mzee mmoja alikohoa kwa muda mrefu kuliko kifua chake kilivyohitaji.

"Mama Uhlig," alisema Falk kwa upole, "mguu wako unatafuta nini huko?"

"Umezoea," alijibu Roswitha. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Naona. Basi vidole vyako havijawahi kufanya kazi. Mguu ndio uliokuwa unavibeba mgongoni miaka yote."

Neno hilo Roswitha alishuka nalo ngazi, akatembea nalo kwenye theluji mpaka nyumbani, akalala nalo.

Kesho yake Falk alimfuata nyumbani. Hakukaa hata kunywa kahawa kwanza. Alipiga magoti mbele ya piano ya Roswitha, akafungua ubao wa chini, akaingiza mkono, akachomoa kijiti kirefu cha mbao, kile kinachounganisha pedali na mitambo ya juu. Roswitha akakanyaga pedali. Ikaanguka chini kama ulimi wa mbwa mchovu. Hakuna kitu.

"Hiki nakiweka mkobani," alisema Falk. "Utakipata baada ya Krismasi."

"Unanifungia stoo kama mtoto mwizi wa sukari?"

"Ndiyo, Mama Uhlig. Kinanda cha kanisa hakina huruma. Ukiinua kidole, sauti imekufa. Piano isiyo na pedali nayo ni hivyo hivyo. Ukiweza kuziunganisha noti hapa, zikatoka kama uzi mmoja, kule juu zitaungana zenyewe. Nyimbo tatu tu. Vibao vya miguu viache, usiviguse. Jumamosi kabla ya Jumapili ya nne ya Majilio nitakuja kusikiliza."

"Na nisipoweza?"

Falk alitazama viatu vyake. "Posselt ameshachomeka kile kisanduku kwenye umeme."

Akamwonyesha namna ya kufanya. Kidole kisiachie kibonye mpaka kingine kimekwishashika. Na vidole vikiisha, maana ni vitano tu na nyimbo hazijali, basi unabadilisha vidole juu ya kibonye kile kile: cha tano kimeshikilia chini, cha nne kinateleza kuja kukaa pale pale, cha tano kinaondoka bila kelele, na kibonye hakijui kama mwenye nyumba amebadilika. Vidole vya Falk vilifanya hivyo kama watu wawili wanaopokezana mtoto aliyelala.

"Rahisi," alisema.

"Rahisi," alisema Roswitha, akatamani kumpiga kwa kitabu cha nyimbo.

Ikaanza taabu. Asubuhi akimaliza kuosha vyombo, anaketi. Kidole cha tano kinashika, cha nne kinakuja, kinakuta njia imezibwa, kinamsukuma mwenzake, wote wawili wanaanguka, noti imekufa. Tena. Imekufa. Tena. Sauti ya kwanza ikiungana, ya pili inakatika. Akiiunganisha ya pili, ya tatu imejisahau inavuma peke yake kama mlevi aliyebaki baada ya sherehe. Na kidole gumba, ambacho alikidhania kuwa rafiki, kilipita chini ya wenzake kwa kishindo cha mtu aliyevaa buti. Vidole vilimuuma mpaka kwenye kiwiko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na vidole vya Roswitha vilikuwa vimeutegemea mguu kupita kiasi. Sasa vimeachwa uchi.

Mumewe Siegmar alipitisha kichwa mlangoni, amevaa kofia yake ya sufu ya humo humo ndani.

"Rosi, nani anapigilia misumari?"

"Toka."

"Nauliza tu. Kama ni rafu tunatengeneza, nilete mbao."

"Siegmar, toka kabla sijakupigilia wewe."

Bibi Traudel wa nyumba ya pili, waliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja, naye hakukaa kimya. Kila baada ya chakula cha mchana, saa za watu kupumzika, aligonga ukuta kwa mwiko. Siku moja walikutana wakikwangua theluji mbele ya milango.

"Roswitha, mpenzi, ile piano imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Aa. Maana zamani ilikuwa inaimba. Sasa inahesabu."

Roswitha alirudi ndani, akatupa koleo la theluji kwenye kona, akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vimelowa. Kilichomchoma si kejeli ya Traudel. Kilichomchoma ni lile neno: zamani. Kwamba ule muziki wote, harusi zote, machozi yote ya mazishi ya mjomba Gotthold, vyote vilikuwa vya pedali. Yeye alikuwa anagusa gusa tu, na kile kijiti cha mbao ndicho kilichokuwa kinapiga. Mtu anafika uzeeni ndipo anaambiwa kwamba mchuzi wake haukuwa mtamu, watu walikuwa na njaa.

Hata hivyo hakuacha. Alibadilisha vidole kwenye ukingo wa meza akisubiri viazi vichemke. Alivibadilisha kwenye bega la Siegmar wakati wanaangalia habari, mpaka Siegmar akauliza kama anatafuta chawa. Wanawake wa Jumatano aliwapigia bila pedali, wakaruka kamba vibaya sana. Mmoja akateguka kifundo cha mguu na kusema wazi ni kosa la piano.

Akaenda kanisani kuweka matawi ya misonobari, akakuta Posselt anakijaribu kisanduku. Wimbo ulijaa kanisa zima, umenyooka, umeungana, hakuna hata ufa. Roswitha akasimama na matawi yake mikononi.

"Unasikia?" alisema Posselt. "Kama asali."

"Nasikia," alisema Roswitha. "Asali ya dukani."

Lakini njiani alilia kidogo, na baridi ikamgandishia machozi, jambo lililomkasirisha zaidi.

Kisha, alasiri moja ambayo hakuwa anategemea lolote, ilitokea. Ubeti mmoja. Sauti ya kwanza ilitoka mwanzo mpaka mwisho bila kukatika, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye donge la sufu, na sauti ya pili chini yake haikuanguka. Roswitha aliondoa mikono kama aliyejiunguza. Akatazama mlango, akatazama dirisha ambako taa za mishumaa za kila nyumba zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Hakuna shahidi. Akarudia. Kuku akadonoa mahindi. Akarudia tena. Kuku. Alirudia mpaka Traudel akagonga kwa kitu kizito kuliko mwiko, na ule uzi haukurudi.

Siku iliyofuata ulirudi, ukakaa mistari miwili, ukaondoka. Halafu ukarudi alipokuwa hautafuti, ukamkimbia alipoutafuta. Kama paka wa jirani. Ijumaa, siku ya mwisho kabla ya Falk kuja, haukuja kabisa tangu asubuhi. Roswitha alifunga kifuniko cha piano kwa kishindo, akaketi juu ya mikono yake, akafikiria kisanduku.

Kisha akainuka, akaenda bandani. Siegmar alikuwa ameacha mpini mmoja wa ufagio uliokwisha manyoya. Roswitha aliupima kwa macho, akaukata kwa msumeno, ukawa mrefu mno, akaukata tena. Alipiga magoti mbele ya piano kama Falk alivyopiga, akafungua ubao, akauchomeka. Ukaingia kama uliozaliwa humo.

Akakanyaga. Akapiga. Ah! Noti zikakumbatiana, chumba kikajaa, vidole vikaanza tena kutembea ovyo kama zamani na wala hakuna aliyeviona. Roswitha alifumba macho. Ni kwa ajili ya kesho tu, alijiambia. Kesho apite. Kule juu kanisani hakuna ufagio utakaomsaidia, hilo alilijua. Lakini kati ya Jumamosi na Mkesha zilikuwepo siku kadhaa, na mtu aliyefika ukingoni huona hata siku moja ni kama uwanja mpana. Ya Mkesha Mungu atayajua, alisema, kana kwamba Mungu ndiye aliyeshika msumeno.

Jumamosi Falk alifika na mafua, pua nyekundu, shali imezungushwa kwenye ile shingo ndefu mpaka ikaisha. Chumba kizuri cha mbele kilikuwa cha baridi kama kawaida yake, maana mikate ya Krismasi ilikuwa imehifadhiwa humo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kushangaa kumwona Roswitha amejifunika blanketi kuanzia kiunoni mpaka sakafuni.

"Unaumwa miguu?" aliuliza Falk.

"Baridi, Mwalimu. Uzee."

Falk aliketi nyuma yake na kikombe cha kahawa. "Anza unapotaka. Sina haraka."

Roswitha aliweka mguu wa kulia juu ya pedali, tayari, chini ya blanketi. Akavuta pumzi. Na kwa kuwa alijua mguu upo, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu Majilio yaanze hakuwa na hofu, aliviacha vidole vianze vyenyewe. Kidole cha tano kikashika. Cha nne kikaja kimya, kikakaa, cha tano kikaondoka. Kidole gumba kikapita chini bila buti. Sauti ya kwanza ikatembea, ya pili ikaifuata, ya tatu na ya nne zikaja nyuma kama wazee wanaotoka kanisani wameshikana mikono. Uzi! Mguu ulikuwa umekaa bila kazi. Ubeti mzima wa kwanza aliupiga kwa vidole vyake mwenyewe, na mwisho wa ubeti aliisikia pumzi ya Falk nyuma yake, ile ya mtu aliyesahau kupumua halafu akakumbuka.

Na hapo ndipo alipoogopa. Maana sasa alikuwa na kitu cha kupoteza. Mwanzoni mwa ubeti wa pili kidole gumba kiliteleza, si sana, kama unywele. Na mguu, bila kungoja kuambiwa, ukashuka.

Kuanzia hapo mguu haukurudi tena kupumzika. Alijua kuutumia, hakukanyaga ovyo kama siku za Jumatano ukumbini. Aliushusha kidogo kidogo, penye nyufa tu, kama fundi anayeweka lami. Wimbo wa pili ukapita. Wimbo wa tatu ukapita. Sauti ya mwisho ilipopigwa, mikono na mguu vyote vikashikilia, na mlio ukafifia taratibu mpaka ikabaki kusikika saa ya ukutani tu. Roswitha aliirudisha mikono mapajani. Mguu aliusahau palepale chini, juu ya pedali.

 Falk aliweka kikombe.

"Mama Uhlig," alisema, na sauti yake haikuwa na ile adabu inayoumiza. "Nilikuja nikiwa nimeandaa maneno ya kukupoza. Nilikuwa nayafanyia mazoezi garini."

"Basi yaseme, usiyapoteze."

"Sina kazi nayo tena. Ule ubeti wa kwanza, Mama! Beti nyingine ni nzuri, zimelegea kidogo, lakini ule wa kwanza... Mimi mwenyewe sijui kama ningeuunganisha vile. Nitamwambia Posselt akichomoe kile kisanduku. Mkesha wa Krismasi utakaa wewe ju..."

Uso ukamkunjamana. Akatafuta leso, akaikosa. Akapiga chafya, chafya ya mtu mrefu, iliyoanzia kwenye soli za viatu.

Na piano ikamwitikia.

Ilitoka humo ndani, hakuna mkono uliogusa kibonye: mlio hafifu wa nyuzi zote kwa pamoja, aaaaa, kama kanisa tupu linalorudisha mwangwi. Ukaning'inia hewani, ukazunguka chumba, ukafifia polepole mno. Nyuzi za piano zilizobanwa haziitikii mtu. Huitikia zikiwa zimefunguliwa, na cha kuzifungua ni pedali, ile ile ambayo kijiti chake kilikuwa mkobani mwa Falk.

Roswitha alitazama mbele, kwenye kitabu cha nyimbo. Chini ya blanketi mguu wake ulikuwa umeganda. Akiuinua, pedali itasikika. Asipouinua, nyuzi zitaendelea kuitikia.

"Mama Uhlig," Falk aliuliza polepole, "nani ameitikia?"

"Siegmar," alisema Roswitha.

"Siegmar?"

"Yuko chumba cha pili. Ana mafua kama yako, amelala tangu asubuhi. Akisikia mtu anapiga chafya huwa anaguna, ni tabia yake. Nimemwonya mara ngapi."

"Anaguna kwa sauti zote nne?"

"Alikuwa kwenye kwaya ya wachimba migodi," alisema Roswitha.

Falk alifungua mdomo. Kabla hajasema, mlango wa nje ukafunguka kwa teke, buti zikang'utwa theluji kizingitini mara mbili, tatu, na Siegmar akaingia, mashavu mekundu, amebeba msonobari wa Krismasi begani, sindano zake zikimwagika mpaka kwenye zulia.

"Salama, Mwalimu!" alisema. "Tangu asubuhi niko msituni natafuta ulionyooka. Vipi, mbona mnaniangalia hivyo?"